Dirhamu Elfu Kumi: Mfanyakazi Mwenye Ulemavu Baina ya Vitabu Vyetu na Sheria ya Kazi

Abu Uthman Amr bin Bahr, maarufu kwa lakabu ya Al-Jahiz (aliyefariki mwaka 255 H), alitajwa mbele ya Khalifa Al-Mutawakkil ili awe mwalimu wa mmoja wa watoto wake. Khalifa alipomwona alichukizwa na sura yake, kwani macho ya Al-Jahiz yalikuwa yametokeza nje, na hiyo ndiyo asili ya lakabu yake. Akaamuru apewe dirhamu elfu kumi, kisha aondoke. Habari hii ameinakili Ibn Khallikan katika Wafayat al-Aayan kutokana na kauli ya Al-Jahiz mwenyewe, na wanafunzi wa Kiarabu huisoma kama kichekesho. Nami niliisoma hivyo kwa miaka mingi, na nilipoisomesha nilicheka pamoja na vijana wangu.

Leo siwezi kuicheka. Mtu aliitwa kwa ajili ya elimu yake, na hiyo elimu haikuulizwa. Hakuulizwa hata swali moja la nahau. Alikataliwa kwa umbo, kisha akatulizwa kwa fedha. Dirhamu elfu kumi si haba, na bila shaka Khalifa alilala usiku ule akijiona karimu. Ndugu msomaji, desturi hii ya kumpa mwenye ulemavu fedha mahali pa haki ingali nasi. Na vitabu tunavyovisoma vimetusaidia kuidumisha, ingawa ndani ya vitabu hivyo hivyo imo hoja ya kuivunja.

Kilichonirudisha kwenye vitabu hivyo ni jambo la aibu kwangu. Mimi ni mmoja wa wanakamati wa madrasa moja hapa Tanzania Bara, yenye walimu saba. Mmoja wao, hafidhi wa Qur'ani aliyesomesha hapo kwa miaka kumi na mmoja, alipatwa na presha ya macho hadi nuru ikapotea. Kamati ilikaa. Ikasemwa kwamba watoto watamchezea, kwamba hataona nani anaandika ubao vibaya, kwamba wazazi watanung'unika. Hakuitwa kusikilizwa. Ijumaa baada ya sala tulimkabidhi shilingi laki mbili na mfuko wa mchele, tukamwombea dua, na watu wakaitikia amin kwa sauti. Saini yangu ilikuwa ya tatu katika ile karatasi. Alipofikiwa na habari alisema neno moja tu: "Masheikh wangu, macho ndiyo yaliyokwenda. Qur'ani haijaenda." Kisha akashikwa mkono, akaondoka.

Basi nikafungua vitabu viwili. Cha kwanza ni cha Al-Jahiz mwenyewe, Al-Bursan wal-Urjan wal-Umyan wal-Hulan, yaani wenye mbalanga, viwete, vipofu na makengeza. Cha pili ni Nakt al-Himyan fi Nukat al-Umyan cha Salahuddin Khalil bin Aybak As-Safadi (aliyefariki 764 H), kilichochapishwa Cairo mwaka 1911 kwa uhakiki wa Ahmad Zaki Pasha. Kando yake nikaweka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Baadhi ya wenzangu watashangaa kuona Sheria ya Bunge imewekwa meza moja na Al-Jahiz. Sikuziweka pamoja ili kuzisawazisha. Niliziweka kwa kuwa swali ni moja: je, kiungo kilichopungua kinaondoa kazi, au kinaondoa kile tu ambacho kiungo hicho kilikuwa kikikifanya?

Kitabu cha Al-Jahiz kimeandikwa kwa hasira njema. Kabla yake Al-Haytham bin Adi alikuwa amekusanya majina ya watukufu waliokuwa viwete, chongo na kadhalika, na Al-Jahiz hakuridhika na njia yake ya kuorodhesha watu kwa kasoro zao. Yeye akaligeuza jambo. Aliwataja wapiganaji waliokuwa viwete, mabwana wa kabila waliokuwa na mbalanga, na akaonyesha kwa mashairi na habari kwamba kasoro ya mwili haikuwazuia katika vyeo vyao. Hiyo ni fadhila kubwa kwa mtu wa karne ya tatu ya Hijra. Hata hivyo, msomaji wa leo asidanganyike. Kitabu kimejaa masheha na mashujaa. Mchukuzi wa bandarini aliyevunjika nyonga hayumo, wala fundi aliyekatwa vidole. Isitoshe, Al-Jahiz ana ugonjwa wake wa kawaida: akianza habari ya kiwete huishia katika habari ya fimbo, na kutoka fimbo huenda kwenye beti za fimbo, na wewe umebaki unamsubiri yule kiwete.

As-Safadi ni mpangaji zaidi. Ameanza na utangulizi kadhaa: maana ya neno la Kiarabu la upofu katika lugha, aya na hadithi zinazohusu, hukumu za fiqhi za kipofu, kisha akaingia katika wasifu wa mamia ya vipofu kwa mpangilio wa herufi. Wamo mafakihi, wasomaji, washairi, watawala. Ni kitabu kizuri, na kila mwenye maktaba ya Kiarabu akitafute. Lakini nina lawama nacho, na lawama hiyo inagusa pia mawaidha yetu ya msikitini.

As-Safadi anawapenda vipofu kwa sababu ni maajabu. Huyu alihifadhi kwa kusikia mara moja, yule alimtambua mtu kwa hatua zake. Ukimaliza kitabu unaona kama kwamba kipofu hapewi nafasi ila awe nadra ya zama zake. Nasi tunafanya vivyo hivyo. Tunapotaka kuonyesha kwamba Uislamu umewatukuza walemavu, humtaja Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka, aliyekuwa chongo na mlemavu wa viungo na mwishoni akawa kipofu. Humtaja Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, ambaye alikuwa kadhi wa Al-Kharj kuanzia mwaka 1357 H akiwa haoni, na mwaka 1993 akawa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia hadi alipofariki 1999. Yote kweli. Lakini haki ya kazi haikuwekwa kwa ajili ya Ata na Ibn Baz. Hao dunia iliwahitaji, ikawafuata. Haki imewekwa kwa ajili ya mwalimu wa wastani, karani wa wastani, mpishi wa wastani, ambaye mwenzake mwenye macho naye ni wa wastani na hakuna anayemuuliza chochote. Maalim wetu hakuwa bahari ya elimu. Alikuwa hafidhi mwenye sauti ya kawaida aliyefika kazini kwa wakati.

Sasa nije kwenye hukumu, kwani hapo ndipo penye uzito.

Waswahili tumelirithi neno la Kiarabu ayb tukaliita aibu. Katika kitabu cha mauzo neno hilo ni la hesabu tu: kasoro katika kitu ambayo inapunguza thamani yake. Katika ulimi wetu limekuwa fedheha ya mtu. Nadhani hapa tumepoteza kitu. Faqihi akisema kuna ayb huulizwa mara moja: ayb katika nini? Inapunguza nini? Sisi tukisema aibu hatuulizi. (Na kama tumo katika lugha, tutazame pia kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: lugha iliwapa kiambishi cha vitu, lakini ilipofika kwenye kitenzi ikasema kipofu amekuja, si kipofu kimekuja. Sarufi yetu ilikuwa na insafu kuliko kamati yetu.)

Katika mlango wa ijara, mafakihi hawakuacha neno hilo likizurura. Ijara ni mkataba juu ya manfaa, si juu ya mwili. Kwa hiyo kasoro inayompa mwajiri hiari ya kuvunja mkataba ni ile inayogusa manfaa yenyewe aliyoyakodi. Al-Kasani, imamu wa Kihanafi aliyefariki 587 H, ameliweka hili wazi katika Bada'i as-Sana'i: mtumwa aliyekodiwa kwa ajili ya utumishi akipoteza jicho moja, na jambo hilo lisidhuru ule utumishi, basi aliyemkodi hana hiari ya kuvunja. Mfano wake ni wa zama za utumwa, na haufai kuigwa kwa sura yake. Kanuni yake ndiyo inayotakiwa. Hakuuliza mtumwa anaonekanaje. Aliuliza ulikodi nini, na hicho ulichokodi kipo au hakipo. Mashafii nao, katika mlango huo huo, wameizingatia kasoro kwa kiasi inavyoathiri manfaa hata ujira wa mfano utofautiane.

Tulimwajiri maalim wetu asomeshe Qur'ani kwa njia ya kusikiliza na kusahihisha. Manfaa tuliyoyakodi yalikuwa kifuani na masikioni mwake. Katika kazi zake zote ni moja tu iliyohitaji jicho, nayo ni kusimamia ubao wa wanaoanza alifu. Hiyo ilikuwa saa moja kwa siku, na walimu wengine sita walikuwepo.

Najua nitajibiwa kwa Minhaj. Sisi wa pwani ni Mashafii, na kila aliyepita katika duru anajua kwamba An-Nawawi (aliyefariki 676 H) ameshurutisha kadhi awe mwenye kusikia, kuona na kusema, na kwamba katika madhehebu yetu kipofu hauzi wala hanunui kitu kinachohitaji kuonwa isipokuwa kwa kuweka wakili. Mtu akisomeshwa masuala haya mawili akiwa kijana, hukulia na picha ya kipofu kama mtu ambaye fiqhi imemwekea kando. Na ndivyo tunavyosomesha: tunataja hukumu, tunavuka. Ilati hatuitaji.

Ilati ya suala la mauzo ni kutojua kilichouzwa, si upofu kwa dhati yake. Ndiyo maana madhehebu yale yale yakasahihisha salam ya kipofu, kwa kuwa salam husimama juu ya sifa. Wahanafi, Wamaliki na Wahanbali wakaruhusu mauzo yake kwa kupapasa, kunusa, kuonja au kusifiwa. Na hapa kuna mstari mmoja ambao nimepita juu yake mara ngapi sijui: An-Nawawi mwenyewe ameeleza kwamba kipofu anaweza kuikodisha nafsi yake kwa kazi, kwa kuwa nafsi yake si kitu asichokijua. Haya ni madhehebu yaliyo makali kuliko yote katika mauzo ya kipofu! Yaani yale yale yanayomzuia asinunue kitambaa kwa mkono wake yanamwambia: kuhusu kazi yako, wewe ndiwe mjuzi. Kamati yetu ilijifanya inamjua kuliko yeye anavyojijua, na wala haikumwita.

As-Safadi, naye Mshafii, amemtaja mtu ambaye kwangu anastahili kitabu kizima. Ni Zaynuddin Ali bin Ahmad Al-Amidi, Mhanbali kipofu wa Baghdad katika zama za Wamongoli, mfanyabiashara wa vitabu. Alikuwa kila anaponunua kitabu huchukua kipande cha karatasi, hukisokota kikawa chembamba, hukikunja umbo la herufi zenye hesabu ya abjadi inayolingana na bei, hukigandisha kwenye jalada, kisha hubandika karatasi juu yake ili kisibanduke. Akisahau bei hupapasa. Tazama mazingatio yake. Upofu haukuondoka, kikwazo ndicho kilichoondoka. Na haikugharimu ila kipande cha karatasi na gundi. As-Safadi ameieleza kama ajabu mojawapo ya maajabu. Laiti angeirudisha nyuma kwenye ule utangulizi wake wa hukumu, akauliza: ikiwa ilati ni kutojua, na huyu amekwisha kujua, basi hukumu imebaki wapi? Hakuuliza. Mwandishi mmoja, jalada moja, na mlango wa wasifu haukufunguliwa kuelekea mlango wa fiqhi.

Na ikiwa mtu ataona mfano wa Baghdad ni wa mbali, arudi Madina. Ibn Umm Maktum (R.A.) alikuwa kipofu, na Mtume (S.A.W.) alimpa adhana ya alfajiri. Hebu tuifikirie kazi hiyo kama mwajiri wa leo anavyofikiri. Adhana ya alfajiri inategemea kuchomoza kwa nuru, na hakuna kazi ambayo sharti la jicho linaonekana dhahiri kuliko hii. Lakini imo katika Sahih Bukhari kwamba alikuwa haadhini mpaka aambiwe kumekucha. Kazi ilibaki yake, na jicho likaazimwa kwa jirani. Imam Shafi akajenga juu ya hapo: yakaruhusika maadhini kuwa kipofu akiwa pamoja na mwenye kuona anayemjulisha wakati, na ikachukiza akiwa peke yake. Aliyetajwa kwanza katika hukumu hiyo ni msaidizi. Mwalimu aliyesoma sura Abasa juu ya mimbari akatoa machozi, kisha asiitazame kazi aliyopewa sahaba huyo baada ya kuteremka kwake, amechukua nusu ya dalili.

Suala la kadhi ni gumu zaidi, na sitaki kulirahisisha. Waliomshurutisha macho walihofia asiweze kupambanua mdai na mdaiwa, na hiyo si hofu ya upuuzi. Lakini hata hapo historia ina neno. Sharafuddin Ibn Abi Asrun (aliyefariki 585 H), Mshafii, alikuwa kadhi wa Damascus katika zama za Salahuddin Al-Ayyubi. Akiwa kazini macho yakapotea. Akaandika risala ya kutetea kwamba kipofu anafaa kuwa kadhi, kinyume na rai iliyotegemewa katika madhehebu yake. Wako waliosema kwamba amejitetea mwenyewe. Ni kweli, amejitetea, na sijui kwa nini hilo liwe dosari: nani mwingine angemwandikia? Salahuddin hakuikubali rai yake moja kwa moja, bali aliagiza wanachuoni waulizwe. Na katika kungojea hakumfukuza. Mwanawe Muhyiddin alifanya kazi ya hukumu kwa niaba ya baba, bila ya baba kutangazwa kuwa ameuzuliwa. Linganisha na kamati yetu ya watu tisa iliyomaliza jambo baina ya Alasiri na Magharibi.

Haya yote yalitosha kututia adabu bila ya sheria ya dola. Hatukutiwa adabu. Basi tuitazame hiyo sheria.

Sheria ya 2004, kama ilivyotungwa, katika kifungu cha 7 inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu, na inamhesabu mwombaji wa kazi kuwa mfanyakazi kwa ajili ya kifungu hicho. Kwa lugha yetu, Al-Jahiz mbele ya Al-Mutawakkil angekuwa na kesi. Kifungu cha 37 kinaweka ulemavu miongoni mwa sababu ambazo si halali kumwachishia mtu kazi. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri, anapodai mfanyakazi hawezi tena kwa ugonjwa au kuumia, atazame kwanza ukubwa wa hali hiyo, uwezekano wa kumrekebishia kazi au kumpa nyingine, na amsikilize. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umekwenda mbali zaidi: kukataa kufanya marekebisho yanayofaa, yasiyomlemea mwajiri kupita kiasi, ni ubaguzi wenyewe. Ile karatasi ya Al-Amidi na yule jirani wa Ibn Umm Maktum wamekuwa wajibu.

Lililonishangaza ni mzigo wa ushahidi. Faqihi yeyote atasema ushahidi ni juu ya mdai na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Sheria hii inasema mfanyakazi akionyesha sura ya awali ya ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea, au kwamba kitendo chake kilijengwa juu ya sharti la asili la kazi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema hii imepindua kanuni. Nikakaa nayo siku kadhaa. Kisha nikaona haijapindua. Asili ni kubaki kwa jambo kama lilivyokuwa. Mtu alikuwa kazini na anaiweza, na mwajiri ndiye anayedai kwamba limezuka jambo jipya lililoondoa uwezo ule. Kwa hakika mwajiri ndiye mdai, ingawa amekaa kwenye kiti cha mdaiwa. Wanafunzi wa usuli wanajua kwamba mdai hatambuliwi kwa aliyeanza kusema, bali kwa yule ambaye kauli yake inakwenda kinyume cha asili.

Lakini sheria nayo ina mapungufu, na nisiyaseme ya vitabu vyetu nikanyamaza yake. Ile ibara ya sharti la asili la kazi ni pango. Mwajiri mjanja huingia humo na kila kitu: sura nzuri kwa wateja ni sharti la asili, kupanda ngazi ni sharti la asili kwa sababu ofisi ameiweka ghorofani. Sheria haikuwapa watu kipimo cha mkononi. Nionavyo mimi kipimo cha Al-Kasani ni kikali zaidi na ni rahisi kwa mtu wa kawaida: yataje manfaa uliyoyakodi, kisha onyesha ni yapi yamekosekana. Dereva aliyepoteza macho yamekosekana, hapana ubishi, na hakuna sheria wala fiqhi itakayomrudisha kwenye usukani. Mpokea simu aliyepoteza mguu hayajakosekana.

La pili ni idadi. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi asipunguze asilimia tatu ya wenye ulemavu. Ile ya mwaka 1982 ilikuwa asilimia mbili kwa wenye hamsini, na Wakenya katika sheria yao ya 2003, kabla ya ile mpya ya 2025, waliweka tano. Idadi inafaa kufungua mlango uliofungwa kwa kufuli. Lakini inavuta tabia ya kujaza nafasi, mtu akaajiriwa akawekwa kwenye kiti karibu na mlango, asipewe kazi wala kupandishwa. Huyo anapokea ile ile hiba ya Al-Mutawakkil, isipokuwa inalipwa kwa mwezi. Kisha ziko karakana, maduka, mashine za kusaga na madrasa zenye watu saba ambazo idadi haizigusi. Wengi wa wenzangu wanadhani kwa sababu hiyo sheria nzima haiwagusi. Wamekosea: katazo la kubagua halikuwekewa ishirini.

La tatu ni muda. Aliyeachishwa kazi ana siku thelathini za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtu ambaye macho yake yamepotea mwaka huu, anayejifunza kutembea ndani ya nyumba yake mwenyewe, siku thelathini humpita akiwa bado anajifunza njia ya kwenda kisimani. Ya kiziwi ni mazito zaidi ikiwa hana wa kumfasiria kwa lugha ya alama. Ipo njia ya kuomba usamehewe ucheleweshaji, lakini mtu huomba kile anachokijua.

Wapo watakaosema: sheikh, umesahau khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyewapangia wenye ulemavu posho wasiombe watu, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu kiongozi. At-Tabari ameipokea habari hiyo katika matukio ya mwaka 96 H, na khutba zetu haziiachi. Sikuisahau. Posho ya asiyeweza kazi ni haki yake katika Baitul-Mali, na dola isiyoitoa inalaumiwa. Makosa yanakuja tunapomchukua anayeweza tukamwingiza katika mlango wa asiyeweza, kwa kuwa huko ni kwepesi kwetu, tena kuna thawabu zinazoonekana. Zaka na sadaka zina mlango wake. Maalim wetu tulimkuta katika kitabu cha ijara, tukambeba hadi kitabu cha zaka bila ya yeye kuomba, tukashukuriana.

Linabaki suala la deni, na hili nimelipeleka kwa maandishi kwenye kamati. Mkataba wa maalim ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na siku tulipomwondoa ulikuwa umebakiza miezi mitano. Yeye ni ajiri khass, aliyejitoa kwetu kwa muda maalumu, na kauli ya mafakihi ni kwamba ajiri khass akijileta na mwajiri akakataa kumtumia, ujira wake unathibiti hadi mwisho wa muda. Alijileta: Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa alifika mlangoni akiongozwa na mwanawe, akaambiwa asihangaike. Kwa hiyo tunadaiwa miezi mitano kamili. Zile laki mbili hazihesabiwi humo, kwani tulizitoa kwa jina la sadaka mbele ya msikiti mzima, na sadaka haigeuzwi nia baada ya kupokewa ikawa malipo ya deni. Mweka hazina amenijibu kwamba fedha hazipo. Nimemwandikia tena, nikamtajia kiwanja cha nyuma ya madrasa tunachokikodisha kwa wauza mbao, na kodi yake inayopokewa kila mwanzo wa mwezi.